Ombi la Kupunguziwa Marufuku ya Kwenda Posa

Darsait, Muscat
14 Machi 2005

Kwa Bi Muhsina, dada yangu na mkuu wa kikao cha ukoo,

Assalam alaykum, na shikamoo. Mimi na walio nyumbani tu wazima. Nakuandikia badala ya kuja kwa sababu kila nikija unanitilia kahawa mpaka nasahau nililolijia.

YAH: HUKUMU YANGU YA MWAKA 1996 NA KANUNI MPYA

Unajua kuwa Alkhamisi hii tunakwenda Qurayyat kumposea Hamdan. Nasema "tunakwenda", lakini kwa hukumu iliyopo, mimi baba yake mzazi nitabaki nje garini. Nna mtoto wa kiume mmoja tu. Naomba nisikilizwe kwa hesabu.

1. Kosa langu silikatai. Mwaka ule tulikwenda kumposea Harub, mtoto wa ami yetu. Msemaji wetu akatamka kuwa bwana ana miaka thelathini na moja. Nikasema thelathini na nane. Sikukisia: mimi na Harub tulitahiriwa asubuhi moja, na umri wangu naujua. Nilisema kwa Kiswahili, nikaona wenyeji hawakufahamu, nikarudia kwa Kiarabu. Kikao kikanikatia marufuku, miaka minane ya Kiswahili na mitano ya Kiarabu, hii ya pili ianze ile ya kwanza ikisha. Jumla kumi na tatu. Uliniambia, "Musallam, ungeishia kwenye Kiswahili tungekufichia."

2. Idi iliyopita mmebadilisha kanuni. Sasa ukweli wowote unaosemwa posani ni miaka miwili, na lugha zote zinahesabiwa kosa moja. Naipongeza kanuni hiyo. Sina neno na kwamba ilipitishwa wiki ileile aliyokosa mwanao Badr. Nataja tarehe tu. Badr aliwaambia wenyeji kuwa Thani, aliyekuwa akiposa, ana mke mwengine katika mji wa Sur. Posa ikavunjika, tukarudi na halwa yetu mapajani. Badr akapewa miwili. Harub wangu alioa, ana watoto watano, na mkewe mwenyewe aliniambia kuwa siku ile yeye alikuwa ameshakisia arobaini.

3. Nimejibiwa kuwa sistahiki, kwa sababu kanuni mpya inawahusu waliokosa kuanzia Idi. Maana yake kosa langu ni kuwahi. Ningalivumilia miaka minane, nikamwaibisha Harub akiwa na arobaini na sita, ningalipata nafuu. Dada, mimi karakana yangu ya madirisha niliianza na msumeno wa kuazima, na sikufika hapa kwa kumwambia mteja kuwa bei imeshuka kwa kila mtu isipokuwa yeye, ati kwa kuwa yeye alitangulia kuja.

4. Mwenendo wangu kifungoni. Tangu 1996 ukoo umekwenda posa kumi na nne. Kwa kuwa basi dogo ni langu, zote nimewapeleka mimi. Mara kumi na nne nimekaa nje, halwa inapita dirishani inaingia ndani, mimi naletewa kahawa imeshapoa. Katika posa ya tisa dirisha la majlis, chumba walimokaa wageni, lilikuwa wazi, nikasikia kwa masikio yangu bwana akisifiwa kuwa hajapata kuvuta sigara, na pakiti yake nnaiona mbele yangu, kaisahau juu ya dashibodi. Sikushuka. Niliuma usukani. Alama za meno zipo, kikao kije kikague.

5. Kwa kanuni mpya ningetoka 1998. Nimetumikia miaka tisa, kwa hiyo saba imezidi. Sidai kurudishiwa ujana. Nadai iandikwe akiba. Miaka saba kwa miwili miwili ni makosa matatu na nusu, ambayo nimeshayatumikia kabla ya kuyatenda. Nusu nawasamehe.

6. Kama yote hayo ni mazito, basi nifunguliwe Alkhamisi peke yake. Nitakaa karibu na viatu. Nitajaza halwa mdomoni tangu salamu mpaka dua. Jana Hamdan aliniuliza kama kanzu yangu imepigwa pasi. Nikamwambia kanzu ya kukaa garini haihitaji pasi. Akaichukua, akaipiga mwenyewe.

Nangojea jawabu kabla ya adhuhuri ya Jumatano. Nisalimie shemeji, nisalimie Badr na mwaka mmoja na ushei uliombakia, na Harub umwambie namtakia umri mrefu, wowote atakaouchagua. Wa huku wote wanakusalimu.

Mdogo wako mtiifu, aliyenyooka,
Musallam

Baada ya kutia sahihi: Sijaifunga bado bahasha, simu ya karakana imelia. Alikuwa Mzee Suud, baba wa binti wa Qurayyat, anauliza basi letu linataka nafasi gani ya kuegesha. Katika mazungumzo akasema amefurahi kusikia kuwa Hamdan ana leseni tangu mwaka jana. Nikamwambia hana. Amefeli mara sita, nne kati ya hizo kwenye kurudi nyuma baina ya mapipa, na pipa moja alilikokota mpaka getini. Iandikwe kuwa nimesema kwa Kiarabu tu. Mzee akauliza mimi ni nani hata nikayajua yote haya. Nikaogopa, nikasema mimi ni dereva. Akasema hajapata kuzungumza na mtu wa upande wetu mwenye hesabu za kuaminika, na kwamba Alkhamisi huyo dereva aingie ndani, akae ubavuni kwake, kuna mengi anataka kumuuliza. Nimekubali. Marufuku yako, dada, nimeisoma tena neno kwa neno: inanikataza kukaa na waposaji. Mimi nitakaa na wenyeji.