Maji Mekundu Kabla ya Wakwe Kufika

Jumatatu, 2 Februari

Maji ya robine ya jikoni yametoka mekundu tena. Na ya vuguvugu, kama chai iliyosahauliwa. Adeline, mke wangu, alijaza glasi, akaiweka mezani mbele yangu, akanyamaza. Kimya cha Adeline nakijua. Baada yake huja maneno.

Yakaja. Jumamosi watu wa Boga wanakuja kujitambulisha, kumposa binti yetu Rébecca. Maji yasipokuwa safi siku hiyo, watapokelewa kwa Yves, kaka yake Adeline. Yves ana kisima cha pampu, ana vigae vyeupe mpaka chooni. Vigae vyake havinisumbui. Kinachonisumbua ni kiti. Sherehe ikifanyika kwake, Yves ndiye atakayekaa kwenye kiti cha baba, na mimi nitakuwa mgeni kwenye posa ya mtoto niliyemzaa. Hapana!

Nimemwita Floribert, fundi wa mabomba. Alifungua robine ya langoni, pale maji ya mji yanapoingilia. Safi, baridi. Akafungua ya jikoni. Mekundu, vuguvugu. Akainua macho kwenye paa, akaliona pipa langu la chuma, na mpira mweusi unaotambaa juu ya mabati kutoka kwenye pipa hadi jikoni. Aliutazama muda mrefu.

"Papa Hippolyte, maji inafika muzuri," alisema. "Iko inaharibikia kwako."

Ati pipa lina kutu, na mpira unapikwa na jua. Dawa ni kushusha pipa na kufukia mpira ardhini, kutoka langoni hadi jikoni. Kazi ya siku moja. Nilimshukuru, nikamsindikiza mpaka barabarani. Pipa hilo nililipandisha kwa mikono yangu mwaka jana, ili tuwe na akiba siku ambazo maji ya mji hayaji. Yves alikuwepo. Nilimweleza saa nzima kwamba kuchimba kisima ni ujinga. Sasa nilishushe wiki ambayo Yves anakuja? Mtu ana heshima yake.

Jumanne, 3 Februari

Leo nimefanya uchunguzi. Nilikwenda kwa jirani, Mama Kanyere, nikaomba glasi ya maji ya robine yake. Safi, baridi. Hana pipa wala mpira juu ya paa. Jibu likawa wazi: anavuta maji mazuri kwanza, mabaya anatuachia. Nikamweleza kwa upole. Aliniuliza kama nimekula leo, kisha akafunga mlango.

Mchana nikashughulikia joto. Nililowesha blanketi, nikalifunga kwenye pipa. Ni lile la bluu, Adeline alipewa na mama yake kule Aveba. Kufika saa kumi lilikuwa limekauka na maji yalikuwa moto zaidi. Blanketi hutunza joto. Sikujua linafanya hivyo hata kwa pipa. Limepata doa la kutu pana kama sinia. Adeline hajaliona.

Jumatano, 4 Februari

Adeline ameliona.

Nimekumbuka kwamba makala, mkaa wa kupikia, husafisha maji. Nikamimina nusu gunia ndani ya pipa. Baada ya saa moja maji yakatoka meusi. Baada ya saa mbili hayakutoka kabisa, vipande vimeziba mpira. Nilimwambia Adeline kwamba maji mekundu yamekwisha, jambo ambalo ni kweli. Akampigia Yves simu.

Alhamisi, 5 Februari

Floribert amezibua mpira na kutoa makala yote. Amerudia yale ya Jumatatu, neno kwa neno. Nikamwambia tutaona baada ya harusi. Maji yamerudi kuwa mekundu, angalau tumezoeana.

Jioni Yves alikuja. Aliweka kidole chini ya robine kama daktari, akauliza kwa utamu kama viti avilete kwangu au avibakize kwake. Nikamjibu kwamba wageni watanawa mikono langoni, kwa beseni, kwa heshima, na kwamba robine ya jikoni haiwahusu. Sikuwa nimepanga kusema hivyo. Lakini nilipoyasikia maneno yangu nikaona ni akili kubwa! Beseni litajazwa kwa robine ya langoni, maji safi, baridi. Jikoni hakuna atakayeingia. Yves akafuta kidole chake. Adeline akakubali, kwa sharti kwamba nisiguse kitu kingine. Nitalala vizuri.

Ijumaa, 6 Februari

Tumefanya mazoezi. Beseni jipya, sabuni mpya, kitambaa cheupe. Nimenawa mara nne. Kila kitu sawa.

Jumamosi, 7 Februari

Asubuhi nilifungua robine ya langoni. Ikakohoa, ikatoa upepo. Maji ya mji hayakuja.

Mama Kanyere alikuwa na bidoni mbili za maji zimejaa, niliziona nikichungulia juu ya ukuta. Lakini baada ya maneno yangu ya Jumanne, kubisha hodi kwake hakukuwezekana. Likabaki pipa. Nikajaza beseni maji ya pipa. Mekundu mno. Hapo nikapata wazo la kuyafunika kwa majani ya mkaratusi. Rangi haionekani, na harufu ni nzuri. Nikaliweka langoni, nikasimama nyuma ya lango kusubiri.

Walifika saa nne wakiimba. Walipofika kwenye beseni wimbo ukakatika. Mzee Honoré, msemaji wao, akavua kofia. Mama mmoja akaanza kulia kwa sauti, mwingine akampokea.

Hapa kwetu kila mtu anajua beseni la maji na majani langoni ni la nini. Ni la kunawia watu wanaotoka kuzika. Hata mimi najua. Nimenawa humo zaidi ya mara ishirini. Halikunijia akilini tu.

Rébecca alisikia kilio akiwa ndani. Alitoka mbio, miguu mitupu, kitenge cha sherehe kinaburuta, kwa sababu alidhani ni mimi. Aliponiona alinishika shati kwa mikono miwili akalia. Niliona aibu. Hayo nayaandika mara moja tu.

"Nani alikufa, baba?" Mzee Honoré aliuliza.

"Hakuna mutu alikufa," nilisema. "Ni maji tu."

Aliinua jani moja, akatazama chini yake, akalirudisha. Akaeleza kwa adabu kwamba maneno ya ndoa hayapiti penye maji ya kilio, hata kama yamewekwa kwa kosa. Siku nyingine, ndiyo. Leo, hapana. Yves akasema kwake kuko karibu.

Posa imekubaliwa. Yves alikaa kwenye kiti cha baba. Mimi nilikaa nyuma, karibu na kreti za soda, pamoja na dereva wa Boga. Ni mtu mzuri, anajua mambo ya mabomba. Naye anasema ni pipa.

Jumatatu, 9 Februari

Adeline amemwita Floribert bila kuniuliza. Kufika saa kumi pipa lilikuwa chini, mpira umefukiwa. Maji ya jikoni yametoka safi, baridi. Nimewaeleza wote kwamba makala huchelewa kufanya kazi.

Kisha Rébecca akaja kukaa karibu nami.

"Papa, siku ya mahari itakuwa hapa kwetu," alisema. "Weye ndiye utaikala kwa kiti ya baba. Utaikala tu. Usitengeneze kitu."

Nilifurahi. Kiti ni changu! Alipoondoka nikakitoa sebuleni, nikakikalia kidogo kujizoeza. Mguu mmoja ni mrefu kuliko mingine, kinayumba.

Nimekwisha kuazima msumeno.