Sanduku Nililolikalia Mbingu

Wenzangu wa chuo, leo nimeumbuka. Mkiona herufi za barua hii zinapanda mlima, msilaumu kalamu.

Mnanijua. Mimi ni mtoto wa mtaa wa Mlabani niliyebeba magunia ya mpunga stesheni mpaka nikajilipia masomo. Sasa nimerudi bondeni kwetu, na kati ya walimu wa shule yetu hapa kijiji cha Mbingu mwenye diploma ni mimi peke yangu. (Nimeitundika ofisini juu ya saa. Anayetaka kujua saa lazima aione.)

Wasukuma waliohamia huku na ng'ombe wao hawaandikishi watoto shule. Wenyeji wanalalamika kwamba ng'ombe wanawamalizia mpunga, na wazazi wa pande mbili hawasalimiani. Nikaja na wazo: siku ya wazazi, kila kabila lilete ngoma yake. Mzee Masanja, mkubwa wa Wasukuma wa hapa, akanijibu, "Tukiheshimiwa siku hiyo, kesho yake watoto wanaandikwa. Tukichekwa, basi tena."

Barua ya mwaliko niliiandika mwenyewe: "Leteni kila kitu cha asili yenu." Mwalimu mkuu, Mama Felista, akaisoma akauliza, "Umewauliza wanacheza ngoma gani?"

"Mama, nimesoma na Wasukuma. Nawajua."

(Mama Felista ana cheti tu. Nilimwonea huruma.)

Leo saa nane uwanja ukajaa. Wenyeji kushoto, Wasukuma kulia, katikati pengo la kupita trekta. Viti vikapungua. Nikampa mgeni rasmi changu, nikavuta sanduku la mbao lililofunikwa gunia upande wa Wasukuma, nikakaa. Lilikuwa na matundu ya hewa. Kuku! Zawadi yangu hiyo. Nikaanza hata kuwapangia: wawili wa kuchoma, wengine wa kufuga.

Kisha kitu kikajivuta chini yangu. Taratibu. Kutoka paja la kushoto mpaka la kulia. Kuku hatembei hivyo.

"Mzee Masanja," nikanong'ona, "kuku wenu mbona hawalii?"

"Kuku gani, mwalimu? Huyo chatu wa ngoma. Hana neno, juzi amekula."

Juzi! Na leo je?

Nikataka kuruka. Akanishika bega. "Usiinuke, mwalimu. Komeo limelegea. Uzito wako ndio unamzuia."

Wakati huohuo mshereheshaji akatangaza, "Sasa tumkaribishe msomi wetu, mwenye diploma!" (Maneno hayo nilimwandikia mimi.)

Nikahutubia nimekaa. Mada yangu: "Tusiogope Mila za Wenzetu." Kila nikisema "tusiogope", kitu kinajigeuza. Jasho likaingia machoni. Sauti ikawa nyembamba kama ya kitoto kinachoomba maji. Nikamsikia mgeni rasmi akimwambia jirani yake, "Kijana anaongea kwa uchungu sana."

Ngoma zikaanza. Vijana wawili wakakandamiza kifuniko, nikainuka. Wakafungua. Jamani! Mnene kama paja langu, na alikuwa hamalizi kutoka! Wenyeji wakarudi nyuma, viti vikaanguka. Mzee Masanja akamnyanyua, akanijia akitabasamu.

"Aliyetualika ndiye wa kwanza kuvishwa chatu shingoni. Ni heshima, mwalimu."

Nikauona ulimi. Baada ya hapo sikumbuki kukimbia. Nakumbuka tu nimesimama juu ya meza ya mgeni rasmi, kiatu kimoja ndani ya bakuli la wali, nimekumbatia nguzo ya turubai, napiga kelele, "Mama! Mama yangu!"

Kicheko kikaanzia kushoto. Kikatambaa mpaka nyuma. Nikamwona Mzee Masanja akifunga uso. Akageuka, akaanza kumrudisha chatu sandukuni, na wanawake wao wakaanza kukusanya khanga na watoto. Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Chatu angenimeza mimi mmoja tu. Kicheko kile kilikuwa kinameza darasa zima.

Mama Felista akavua viatu. Akavuka lile pengo.

"Shikamoo mzee. Anashikwaje?"

Mzee akamgeukia. "Marahaba. Huku shingoni, huku mkia. Usimbane."

Akavishwa. Nilikuwa juu, niliona vizuri: magoti ya Mama Felista yalitetemeka kuliko yangu. Tofauti ni kwamba yeye alibaki amesimama. Kicheko kikakatika. Mama mmoja upande wa wenyeji akapiga kigelegele, wa upande wa pili wakaitikia, na mimi bado nimeng'ang'ania nguzo.

Mwisho wa ngoma Mzee Masanja akamshika Mama Felista mkono kwa mikono miwili. "Wabeja, mama. Asante. Kesho tunaleta watoto wote."

Kisha akainua macho mpaka juu ya meza.

"Na huyu naye mwandike. Aanze darasa la kwanza."

Diploma nimeishusha, sasa iko chini ya saa. Na yeyote kati yenu atakayecheka, nauli ya kuja kukalia lile sanduku nitamlipia mimi.