Malalamiko Kuhusu Fimbo Inayonasa Samaki

Ndugu Mhariri wa Ukurasa wa Uvuvi,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, umekaa mahali pakavu. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, na kwa kazi ni kinyozi. Nimevumilia na nimemeza, lakini leo nimeona niseme, maana ushauri wako umeniharibia maisha.

Kwanza unielewe. Tangu ninapofungua saluni hadi ninapofagia nywele za mwisho, masikio yangu ni mali ya umma. Mteja akishaegemeza kichwa tu, ananieleza bosi wake, mpangaji wake na nyongo yake. Nikirudi nyumbani, mke wangu naye ana ya kwake, na haki anayo, kwa kuwa ni karani wa dirisha la posta na ameshinda akiwanyamazia watu wanaomfokea. Nilichotaka ni mahali pa kukaa kimya. Sasa, mtu akikaa peke yake kando ya mto, kila apitaye atamuuliza ana nini. Akiwa ameshika fimbo ya kuvulia, haulizwi. Hiyo ndiyo niliyoitaka, Mhariri: fimbo. Samaki sikuwataka.

Ndipo nikasoma ukurasa wako kuhusu samaki wa sharubu, yule wa magamba anayekaa chini kabisa penye maji ya kasi. Uliandika kwamba ni mjanja, na kwamba wengi humaliza msimu mzima bila kumwona. Nikasema moyoni, huyu ndiye wangu. Isitoshe ana sharubu, na sharubu ndizo zinazonilisha. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Fimbo. Ulisema tuchague ndefu, inayopinda taratibu kutoka nchani hadi karibu na mpini, isiwe kavu kama mti wa ufagio. Nikaenda dukani na ukurasa wako mfukoni. Muuza duka alinitazama juu hadi chini, akaniletea fimbo fupi, nene, nyekundu, ya kupendeza kweli. Akaninong'oneza, "Hii, bwana, haijawahi kumsumbua samaki yeyote." Yule alikuwa mtu mwema, nami nilimdharau kwa ajili yako.

2. Rili, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi. Ulisisitiza iwe na breki inayoachia, ili samaki akivuta ghafla apewe mshipi badala ya kuondoka na fimbo nzima. Hukusema kwamba ikiachia inalia kama cherehani iliyopandwa na wazimu. Nilikuwa nimeegemea begi langu, macho nimefumba, siwazi kitu chochote kwa mara ya kwanza tangu nioe. Ikalia. Niliruka nikasema, "Karibu, kiti hiki hapa."

3. Chubwi, ile risasi ya kuzamisha chambo. Ulishauri iwe bapa, kwa sababu iliyo ya duara hubingirishwa na mkondo ikaondoka pale samaki anapokula. Nikatii, na chambo kikatulia palepale mdomoni mwake kama chakula kilichoagizwa. Ndoano nayo ulitaka iwe ndogo lakini nene, isinyooke, na mshipi uwe ule usiokatwa na mawe. Kila mlango ambao samaki angetorokea, Mhariri, uliufunga kwa mkono wako mwenyewe. Nilivutana naye mpaka mabega yakatetemeka. Alipoibuka, wa rangi ya shaba, sharubu zimening'inia pembeni mwa mdomo kama mzee aliyeamshwa usingizini, nilipiga vigelegele. Mimi! Niliyefuata ukimya!

4. Mama mkwe. Alimla yule samaki, akalamba vidole, akatangaza kwamba kumbe mkwe wake ana faida. Sasa kila mwisho wa wiki anafika na kikapu, na nyuma yake wanafuatana shemeji zangu, wengine hata sura zao sikuwa nikizijua. Hawaniulizi habari za kazi. Wanauliza, "Leo katoka mkubwa kiasi gani?"

5. Saluni. Wateja hawajielezi tena, wananihoji. Wakishanyolewa, hawaondoki. Wanabishana chubwi bapa na chubwi ya duara huku foleni ikigeuka baraza. Juzi alikaa kitini bwana mmoja mwenye upara kamili, unaong'aa, akaniambia nimpunguzie pembeni kidogo. Nilipotafuta pa kupunguza, akauliza, "Hivi ile rili ulinunua wapi?"

6. Hili ndilo zito. Mke wangu ameanza kuja mtoni. Alisema anakuja kuona tu. Anageuza ndoo, anaikalia, na anaanza: mkuu wake wa kazi, mihuri iliyopotea, bwana aliyedai kifurushi ambacho hakuna aliyemtumia. Uliandika kwamba samaki huyu hukimbia kelele. Si kweli. Anamsikiliza! Tena ana tabia ya kuuma ndoano hadithi inapofika patamu, nami nalazimika kukimbia na fimbo kandokando ya mto, nikirudi mke wangu yuko kwenye habari nyingine. Ndiyo maana barua hii nitampa dereva wa lori la magazeti akuletee. Siwezi kuipitisha dirishani kwake.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, toleo lijalo uchapishe mwongozo wa kuchagua vifaa visivyonasa kitu: fimbo kavu, rili iliyoota kutu, chubwi ya duara, ndoano iliyonyooka kama msumari. Ukishindwa, mwandikie mke wangu kwa karatasi yenye nembo ya gazeti kwamba hewa ya mtoni huwadhuru makarani. Ukishindwa na hilo, waandikie samaki. Jumamosi hii, ili ujue sitanii, nitavua bila ndoano kabisa.

Nisalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa, na msichana anayepokea simu. Msalimie pia mchoraji wenu, na umwambie kwamba sharubu za yule samaki anazichora fupi mno. Nasema hivyo kama mtaalamu.

Ni mimi, ninayenuka magamba kwa sababu yako,
Kinyozi wa nyuma ya soko

Baada ya salamu: Dereva alichelewa, Jumamosi ikatukuta na barua bado ninayo. Nilikwenda bila ndoano kama nilivyoahidi. Mke wangu hakuja. Alikwenda kumtazama dada yake aliyejifungua. Mto ulikuwa kimya. Hakuna aliyeniuliza kitu, hakuna kilicholia. Kabla ya adhuhuri nilijikuta naieleza fimbo habari za wateja wangu, tena kwa sauti, na haikuitikia hata mara moja. Nikafunga mizigo nikarudi nyumbani mapema. Tafadhali yafute yote niliyoandika hapo juu, na unijibu hili upesi: ipo fimbo kama yangu, inayopinda vilevile, ila nyepesi, ya mtu mfupi? Na je, rili yake mpini unaweza kuhamishiwa upande wa pili? Mke wangu hutumia mkono wa kushoto.