Mvuke Mtakatifu wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Chumba cha wageni bado kitupu. Tangu Krismasi aliyelala humo ni kuku wa jirani, naye hakulipa.

Candelaria, mke wangu, ametoa amri leo asubuhi. Asipolala mgeni humo kufikia Jumamosi, vitunguu vya mavuno vinaingia, nami narudi shambani kwa mama yake, jembe begani. Mimi! Eulogio Calabay, mtu wa utalii! Nikamwambia subira huvuta heri. Akasema yangu imevuta kuku.

Kinachoniuma zaidi ni shemeji Abelino, kaka yake. Nyumba yake imejaa wazungu wa mabegi hadi kwenye bembea za kamba. Anawapikia chapati za ndizi, anawapandisha volkano alfajiri, wanashuka wakilia kwa furaha. Leo gatini aliniuliza, mbele ya madereva wote wa boti, kama vitunguu vyangu vinapendelea kitanda kinachotazama ziwa. Walicheka mpaka mmoja akaangusha kasia. Mbwa hao!

Jumanne, 4 Machi

Nimepata! Abelino anauza mlima, na mlima kila mwenye macho anauona bure. Mimi nitauza kisichoonekana.

Nyuma ya nyumba tuna tuj, kijumba cha mawe na udongo cha kuogea mvuke, mlango wake wa kutambaa. Ni cha mama mkwe, Nan Tomasa, mkunga wa kijiji. Humo ndimo anamowakanda wazazi wapya kwa majani ya moto. Siku nyingine tunaingia sisi kutoa uchovu wa shamba.

Nimeandika ubao: MVUKE MTAKATIFU WA MABABU, PAMOJA NA KULALA. Mimi ndiye Mlinzi wa Moto, kizazi cha kumi na tatu. Marehemu baba alikuwa fundi cherehani, lakini nani atauliza?

Nan Tomasa sijamwomba ruhusa. Husema tuj ni bibi yetu sote, na mwenye kuingia na maneno machafu atajuta. Ushirikina mtupu.

Jumatano, 5 Machi

Wamenasa wawili! Mholanzi mmoja mrefu na dada wa Kikanada mwenye unyoya kichwani. Mabegi yao yananing'inia masufuria, viatu na hata gitaa. Wamesema chapati za Abelino hazina roho. Hazina roho! Nimeyaandika hapa nipate kuyasoma tena.

Kesho alasiri wanaoga mvuke, kisha wanalala kwangu. Abelino akanipigia kelele kutoka ng'ambo ya njia: "Shemeji, usije ukawachemsha hao!" Husuda tu. Candelaria kasema ataamini akiona shuka zimekunjamana.

Alhamisi, 6 Machi

Niandike haraka, sikio linauma.

Nan Tomasa alikuwa kwa kina Sicay tangu alfajiri, binti yao ana uchungu. Uzazi wa kwanza hukawia, nikajipa moyo. Nikachukua kuni na maji yake, nikawasha moto, tukatambaa ndani, magoti kwa magoti, giza totoro. Dada akaniomba niimbe kwa lugha ya mababu.

Sala za wazee sizijui. Mimi nilikuwa mtumishi wa altare. Nikaanza kutaja vituo vya boti, polepole, macho nimefumba: Panajachel, Santa Cruz, Jaibalito, Tzununá... Dada akahema kwa raha. Ziwa likaniishia! Basi nikaimba yaliyo moyoni, kwa Kikaqchikel, lugha yetu. Kwamba mama mkwe ana miguu ya bata. Kwamba huhesabu tortilla kwenye sahani yangu. Kwamba chokoleti ya mke wangu ni maji ya kuoshea vyombo. Mholanzi akalia kwi kwi, akasema amemwona bibi yake.

Sauti ikajibu kutoka nje, kwa Kikaqchikel safi: "Endelea, mkwe wangu. Miguu ya bata, halafu?"

Binti wa Sicay hakukawia. Alikuwa mlangoni, kajifunika blanketi mbili, anatetemeka kwa upepo wa ziwa, mtoto mikononi mwa shangazi. Mashangazi walikuwa wanacheka. Yeye hakucheka. Alikuwa amechoka mno. Hapo niliona haya, kwa kweli niliona.

Nan Tomasa akanivuta sikio. "Mtu mzima hovyo! Umemaliza maji ya mzazi kupikia uongo?" Wageni wakatoka, wakamwinamia. Wakaniuliza kama ndiye mwalimu wangu. Nikasema siyo. Yeye, kwa Kihispania, akasema ndiyo. Akamtuma Mholanzi maji na dada kuni, wakakimbia kwa furaha, tuj ikawashwa upya.

Jioni wameomba kulala kwake, kwenye mikeka ya jikoni. Shuka zangu zimenyooka.

Ijumaa, 7 Machi

Nan Tomasa kawapeleka shambani kung'oa vitunguu. Wanang'oa pekupeku! Wamesema hawajawahi kuwa karibu hivi na ardhi. Wenzao wa kwa Abelino wakasikia, wakaja pia. Mavuno yamekwisha siku moja kabla ya Jumamosi.

Vitunguu walivileta wenyewe hadi chumba changu cha wageni, ndani ya mabegi yao. Mholanzi alinipa mkono, akanishukuru kwa kufungua njia. Abelino aliwashikia mlango.

Jumamosi, 8 Machi

Chumba kimejaa hadi dirishani. Jumatatu natakiwa shambani. Macho yananiwasha, nikateremka ufukweni kupata hewa.

Na nikaona! Mwaka huu ziwa limerudi nyuma. Limeacha kiwanja kizuri, tambarare, volkano zote tatu mbele yako, na hakuna mwenyewe! Nan Tomasa alikuwa hapo anafua. Akaniambia nisithubutu, ziwa hushuka na ziwa hupanda. Akanionyesha chini ya maji ukuta wa jiko la baba yake, samaki wanapita dirishani. Kila ukoo hapa una nyumba humo chini, kasema.

Kumbe ndiyo sababu hakuna aliyejenga. Woga! Kijiji kizima kinaogopa maji!

Nguzo nazikata Jumatatu, shamba litangoja. Chumba cha kwanza nakiweka ukingoni kabisa, mgeni akiamka aingize miguu ziwani bila kutoka kitandani. Abelino atapasuka.