Gundi ya Harusi Yenu Kwenye Kioo Changu cha Nyuma

Kwa Mkwe wangu mheshimiwa,
Mtengeneza stika.

KUHUSU: MANENO "TUMEOANA LEO" NA MABAKI YAKE

Natumaini barua hii inakukuta mzima, na mashine yako ya kukatia stika inafanya kazi. Sisi huku hatujambo. Mkeo naye hajambo. Yupo kwetu tangu siku ile mlipokosana, analala kwenye chumba chake cha zamani na anaosha vyombo kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Hayo ni yenu wawili, mimi simo, wala siandiki kwa ajili yake. Naandika kuhusu gari langu.

Utakumbuka kwamba nilitoa gari hilo liwabebe maharusi, nawe kwa furaha ya siku hiyo ukabandika kwenye kioo cha nyuma maneno TUMEOANA LEO, kwa herufi nyekundu zenye upana wa kiganja. Ulinihakikishia mbele ya watu kwamba stika zako hazing'olewi na mvua wala jua. Nakupongeza kwa dhati, maana ni nadra siku hizi fundi kusema neno likawa kweli kiasi hiki. Lakini harusi imepita, na naomba uniruhusu nieleze madhara yake kwa utaratibu.

1. Kwanza uelewe hali ya kioo chenyewe. Stika ina tabaka mbili, plastiki juu na gundi chini. Plastiki niliibandua mwenyewe kwa kucha, kipande kwa kipande, nikasimama kando nikijisifu. Sikujua kwamba gundi imebaki palepale katika umbo la kila herufi, ikisubiri vumbi. Vumbi likaja. Sasa maneno yako hayana tena rangi nyekundu. Yana rangi ya udongo, na yanasomeka kutoka mbali kuliko mwanzo.

2. Askari wa barabarani alinisimamisha. Nikatoa leseni, hakuitaka. Alizunguka gari, akainama dirishani, akamtazama mama mkwe wako, kisha akasema, "Hongereni sana, wazee wangu. Mmefanya vizuri kutokata tamaa." Mama mkwe wako, ambaye nimeishi naye tangu askari huyo hajazaliwa, alimshukuru kwa sauti ya bi harusi. Tangu hapo kila tukipigiwa honi anapunga mkono. Nimemkanya. Anasema mara ya kwanza alipoolewa hakupambiwa gari, na hii ya pili haimpiti.

3. Jirani yetu fundi cherehani alifariki, Mungu amrehemu. Niliombwa kuwabeba wafiwa hadi makaburini, nikapangwa nyuma tu ya gari la marehemu, huku kiti changu cha nyuma kikiwa na shemeji zake wawili, wote wajane. Msafara mzima ulionifuata ulikuwa na muda wa kutosha kusoma. Waliokuwa wanalia waliacha kulia ili waulizane. Tulipofika, swali halikuwa tena marehemu aliugua nini, bali ni yupi kati ya wale wawili. Mzee mmoja alinivuta pembeni, akanishika mkono kwa huruma, akaniambia, "Mwalimu, ungengoja basi tumalize kuzika."

4. Nimefundisha sayansi maisha yangu yote ya kazi, kwa hiyo sikuliendea jambo hili kijinga. Nilianza na maji ya moto na sabuni. Gundi ikalainika, ikasogea, ikakaa mahali pengine. Nikajaribu petroli. Gari likanuka mpaka mama mkwe wako akasafiri ameweka kichwa nje ya dirisha, akipunga mkono. Wembe sikuthubutu kuutumia, kwa sababu kioo cha nyuma kina zile nyaya nyembamba za kukipasha joto, na ukizikwangua umeziua. Mama mkwe wako alipendekeza mafuta ya kupikia. Nilimweleza kwa upole, mpaka chai yake ikapoa, kwamba mafuta husaidia vitu vinavyosuguana, ilhali gundi haisuguani na kitu, imeshika tu. Kwa hiyo kisayansi haiwezekani. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Haya, mwalimu."

5. Sikutaka kugusia makopo, lakini gundi ni ileile. Ninavyosikia, jioni moja ulitoka kazini ukabandika stika kwenye kila kopo la jikoni kwake, CHUMVI, SUKARI, MAJANI YA CHAI, bila kumuuliza. Akasema jiko lake si duka, na chumvi anaijua kwa kuiona. Ukasema hathamini kazi ya mikono yako. Akasema, "Basi nibandike na mimi, uandike MKE, usije ukasahau mimi ni nani." Nawe ukanyamaza. Hapo, kwa maoni yangu ya kitaalamu, ndipo ulipokosea. Gundi ikiwa bado mbichi inatoka kwa kidole. Ukiiacha ikae inaganda, na kadiri inavyokaa ndivyo inavyookota uchafu wa njiani usiokuwa wake. Naongelea gundi tu. Mkeo alikuja hapa na begi moja na lile kopo la chumvi, akilileta kama ushahidi. Lipo mezani mbele yangu ninapoandika. Stika imenyooka vizuri, hilo siwezi kukunyima.

6. Sasa lipo neno LEO. Kioo changu kinatangaza kila asubuhi kwamba mmeoana leo. Watu waliooana leo hawawezi kuwa wameshakosana, hawajapata hata muda wa kufungua zawadi. Lakini bi harusi yupo kwangu, anagongesha masufuria. Kwa hiyo ama kioo kinasema uongo, ama ninyi wawili mnasema uongo. Mimi kama mwenye gari ndiye ninayeonekana barabarani nikiusambaza uongo huo, na nimezeeka mno kuanza kuitwa mzushi.

Kutokana na hayo, naomba ufike mwenyewe, usitume mtu, Jumamosi asubuhi, na vifaa vyako vyote. Kwa jinsi gundi ilivyoshika, kazi itakuchukua kutwa nzima, hivyo utakula hapa. Nakufahamisha pia kwamba gari huwa naliegesha chini ya dirisha la chumba cha mkeo. Chochote utakachosema ukiwa unakwangua kitasikika ndani, hata ukikisema kwa sauti ya chini. Hilo siwezi kulizuia, ndivyo nyumba ilivyojengwa.

Usipofika, nitalazimika kubandika stika ya pili chini ya ile ya kwanza, isomeke: TUKAKOSANA KESHO YAKE. Na kwa kuwa mtaani hapa hakuna mwingine mwenye mashine, itabidi uikate wewe.

Wasalimie wazazi wako, dada yako na watoto wake, majirani zenu wa mlango wa pili na wateja wako wote. Mama mkwe wako anakusalimu sana. Mkeo hajaniambia nikusalimie, nami sitaki kuandika uongo kwenye karatasi, kioo kinatosha.

Ni mimi, kwa heshima zote na kwa niaba ya kioo,
Baba mkwe wako,
Mwalimu mstaafu.

N.B. Nikiwa natafuta bahasha, mama mkwe wako ametoka nje na chupa ya mafuta ya kupikia, kitambaa na kadi ya zamani ya benki. Amepaka mafuta, ameyaacha yakae huku akichambua mboga, amekwangua taratibu kwa ile kadi, amefuta kwa sabuni. Kioo ni safi kama siku nilipolinunua gari. Nilipokwenda kukikagua aliniambia, "Haya, mwalimu." Basi malalamiko yangu yote hapo juu hayana tena msingi, na huna sababu yoyote ya kuja.

Kisha, kwa kuwa mafuta yalikuwa yamebaki, alilichukua na kopo la chumvi ili alisafishe pia. Mkeo alimnyang'anya. "Hilo liache, mama. Hilo ni langu."

Sasa hivi mkeo amepita nyuma ya kiti changu, ameona namwandikia nani na kuhusu nini. Anajua vizuri kwamba kioo ni safi. Ameuliza jambo moja tu, kama nimeandika Jumamosi asubuhi au Jumamosi jioni.

Nimemwambia asubuhi.