Kiti cha Mkurugenzi Kisinyanyuliwe

Natangaza kwa heshima zote, nikiwa mpika chai wa ofisi na Mjumbe Mwalikwa kwa upande wa masikio, kwamba Kamati Maalumu ya Mlio Usiofahamika imemaliza kazi yake kwa mafanikio makubwa.

Kwa asiyejua, ofisi yetu ina basi dogo lililokula chumvi nyingi. Ndilo linalopeleka wajawazito hospitali. Injini yake iko chini ya kiti cha mbele, na kiti cha mbele ni cha Mkurugenzi. Tangu siku alipolizindua upya baada ya kupakwa rangi, kwa utepe na hotuba, gari likaanza kulia kwa ndani: ka-ka-ka, kama kijiko kwenye sufuria tupu. Likasimamishwa. Binti yangu alikuwa mjamzito, siku zake zimetimia, kwa hiyo nililifuatilia suala hili kwa uzalendo wa pekee.

Fundi akaja na spana zake.

"Ninyanyue kiti nitazame."

"Kiti kipi?" akauliza Katibu.

"Hiki."

"Hicho ni cha Mkurugenzi."

"Najua, mzee. Lakini injini iko chini yake."

"Basi injini isubiri."

Msimamo wa busara. Leo mtu ananyanyua kiti, kesho atataka kujua kwa nini fulani anakikalia. Ndipo ikaundwa Kamati, Mkurugenzi akiwa mwenyekiti. Tulisikiliza mlio tukiwa tumesimama, tukiwa tumechuchumaa, na kwa pendekezo la Mhasibu, tukiwa tumefumba macho. Mhasibu akasema ni upepo. Katibu akasema ni uchochezi. Mimi nikasema ni chuma, nikaambiwa nilete chai.

Mkurugenzi akaja kuhakiki mwenyewe. Akapanda, akakaa kwa uzito wake wote, ambao si haba, nasema bila kusengenya. Dereva akawasha. Kimya.

"Huo mlio uko wapi?"

Akashuka. Ka-ka-ka. Akapanda. Kimya.

"Bosi, ukikaa kuna kitu unakibana," akasema fundi.

"Mimi sibani kitu. Gari lina nidhamu."

Kamati ikaazimia kwa kauli moja: Mkurugenzi ni sehemu ya injini, na gari lisiende popote bila yeye. Neno "sehemu" alilichagua mwenyewe. Alilipenda sana.

Mchana ule ule binti yangu akashikwa na uchungu. Nikaingia ofisini kwa mkubwa bila hodi, Mungu anisamehe.

"Mkurugenzi, gari linakuhitaji."

"Mama, nina kikao."

"Azimio, baba."

Akakaa mbele. Binti yangu, nyuma yake, kila uchungu ulipokuja alimng'ang'ania bega na kumwita majina ambayo mimi sikumfundisha. Gari lilikwenda kimya kama linakwenda ibadani. Mjukuu akazaliwa salama, Mwenyezi Mungu ashukuriwe.

Habari zikaenea. Wajawazito wakawa wanamgongea Mkurugenzi mlango alfajiri, wanamgongea mezani, wanamgongea bafuni. "Shemeji," wanamuuliza mkewe, "sehemu ya injini ipo?"

Hatimaye akaja anatembea upande, kashika kiuno.

"Fundi, nyanyua kiti."

"Kiti kipi, bosi?"

"Usinitanie."

Chini, kando ya injini, ulilala mkasi wa uzinduzi, kipande cha utepe bado kimening'inia. Siku ile alikata utepe, akakaa kitini kupunga mkono, na kwa vile makofi yalikuwa mengi, hakusikia ulipoteleza. Fundi akautoa, akarudisha kiti. Dereva akawasha. Kimya, na kitini hakuna mtu.

Mkurugenzi akashusha pumzi, akaelekea ofisini kwake. Katibu akamwahi mlangoni, kwa unyenyekevu mkubwa.

"Samahani, mzee. Kwa azimio lako, wewe ni sehemu ya injini."

"Kwa hiyo?"

"Sehemu isiyohitajika huwekwa stoo."

Yuko huko mpaka sasa, kati ya tairi lililotoboka na betri mbovu. Chai nampelekea, na kumwombea namwombea. Jana kanisihi nikamsemee kwenye Kamati, azimio lifutwe. Nikamwambia kwa moyo mweupe kwamba wajumbe wote wako tayari, tatizo ni kikao hakiwezi kuanza. Mwenyekiti yuko stoo.