Maunti za Pikipiki ya Baba Mkwe

Jamani, leo nimeaibika mchana kweupe, na ni mikono yangu mwenyewe iliyonitafutia. Nawasimulia kabla hamjasikia kwa majirani zangu wa hapa Mbugani, maana wao watatia chumvi.

Mnajua mimi ni fundi pikipiki, nachomelea pia, gereji iko ubavuni mwa nyumba. Mnajua na kwetu Wanyakyusa, mke wa mtu na baba mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Akija yeye, wewe unapotea. Baba mkwe wangu anakaa Ngana na kakao zake, na miaka yote anasema gereji si kazi ya mke wa mwanawe, niifunge nikalime mpunga.

Juzi pikipiki yake ya zamani (imenizidi umri, na heshima pia) ikaanza kutetemeka mpaka taa ikadondoka. Mume wangu akaileta, akamwambia baba yake kuna fundi mzuri Mbugani. Hakumtajia ni nani. Tulikubaliana nikiiweka sawa ndipo amwambie, na maneno ya kufunga gereji yaishe.

Shida ilikuwa maunti, vile vishikizo vinavyoibana injini kwenye fremu. Kimoja kina ufa, matundu yametanuka, mpira wa ndani umeisha kabisa. Nikauchomelea ufa, nikaongeza vipande vya chuma pembeni kuimarisha. Mpira wa kufanana na ule sikuupata. Basi nikajifanya mjuaji (mimi huyuhuyu), nikaweka chuma kitupu, nikakaza mpaka spana ikalia. Nikajisemea hapo injini haichezi tena.

Leo saa nne nikaisimamisha kwa stendi kubwa juu ya sakafu ya saruji, nikaiwasha niisikilize. Mara sauti ya mzee hiyo nje, anasalimiana na mume wangu. Hakutuambia kama anakuja! Nikakimbilia nyuma ya mabati yaliyoegemea ukuta wa gereji bila kuzima injini.

Pikipiki ikaanza kutembea. Yenyewe. Bila mtu. Inatetemeka, inasogea, inatetemeka, inasogea, mpaka ikaukamata mteremko wa mlangoni. Na mzee kasimama palepale, kaipa mgongo, anasifia mpunga tuliouanika kwenye turubai. Ngurumo ya pikipiki yake kaizoea, hashtuki. Mume wangu naye kaangalia mpunga. Nipige kelele? Sauti yangu ataijua. Nitoke? Ataniona uso. Nikinyamaza, inamwangukia mzee wa watu.

Nikaiona kofia ya kuchomelea. Nikaivaa, nikaishusha mpaka kidevuni, nikatoka mbio.

Mafundi wenzangu mmeshajua. Kile kioo cheusi huoni hata mkono wako mpaka moto uwake. Nikapapasa, nikashika kitu, nikakikumbatia kwa nguvu zangu zote na kukisukuma pembeni. Kilikuwa laini. Kilikuwa na koti. Kilikuwa kinanuka tumbaku.

"Samahani, baba," nikasema. (Nimeficha uso, nikampa sauti.)

Nyuma yangu pikipiki ikaanguka kwenye mpunga, palepale alipokuwa amesimama, ikazimika. Nilikuwa nalia ndani ya ile kofia, siwafichi. Pikipiki nitaiinua, ila gereji yangu niliona ndiyo imekwenda.

Mzee akajitoa mikononi mwangu taratibu. Nikakimbia kwa kupapasa hadi nyuma ya mabati, nikachungulia. Kavuta kofia yake ya pama mpaka puani, kainama kwenye injini, anapitisha kidole kwenye maunti moja baada ya nyingine. Kisha akasema na mwanawe, kana kwamba mimi sipo duniani:

"Mwambie fundi sijaona uso wa mtu hapa. Chuma kwa chuma kinatetema, akate mpira wa tairi la lori auweke humu. Lakini huu ufa uliwashinda mafundi wawili, yeye kauziba vizuri. Nitaifuata Jumamosi. Asiiguse mtu mwingine."

Akauelekea mpunga badala ya mabati niliyojificha, akasema, "Ndaga," yaani asante, akaondoka.

Gereji haifungwi, jamani. Ila nimemkumbatia baba mkwe mchana, mbele ya mtoto wake, na kwa aibu ya namna hiyo hakuna duka lenye spea.